Siku Tuliyosema Tumefunga

Uongo ule niliutunga mimi, wala sitamsukumia mtu mwingine.

Tulikuwa wanawake saba wa kanisa moja, tukipanda kilima kule Gesima na ndoo za udongo na mavi ya ng'ombe vichwani. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, chai ikiwa bado changa mashambani mwetu. Tulikuwa tunakwenda kukandika nyumba ya mama mmoja mzee aliyeishi peke yake juu ya mto. Mvua ilikuwa imebomoa kuta zake, na mzee wa kanisa alikuwa ametuambia Sabato iliyopita kwamba imani isiyochafua mikono ni maneno matupu. Tukaitikia amina kwa nguvu.

Shida ni kwamba mama huyo alisemwa kuwa mchawi. Mume wake alikufa, watoto wawili wa mke mwenzake wakafuata mwaka huohuo, na watu wakamnyooshea kidole yeye. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Lakini kila mtu alijua.

Na kwetu, mtu akija kukufanyia kazi, hawezi kuondoka bila kula. Ukimwacha aende na njaa, umemtukana. Naye akikataa chakula chako, amekutukana zaidi. Kwa hiyo wote saba tulikuwa tunawaza jambo moja tu, na halikuwa udongo.

"Mimi kazi nitafanya," alisema mmoja wetu, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Lakini kula, nitakula kwa macho."

"Hata macho uyafumbe," akajibiwa.

Mimi nilikuwa na sababu kubwa kuliko wote. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Asubuhi ile mama mkwe wangu alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Nenda ukakandike, kazi ya Mungu haikataliwi. Lakini kitu cha yule mwanamke kisipite kooni mwako."

"Tutamwambia tumefunga," nikawaambia wenzangu. "Mkristo akisema amefunga, nani atambishia?"

Wakanisifu. Nami nikajiona nina akili.

Tulifanya kazi kweli, sitadanganya. Tulikanyaga udongo, tukakandika, tukaimba. Saa saba kuta zilikuwa zimenyooka. Ndipo yule mama akatoka jikoni na ugali wa wimbi uliofunikwa ndani ya kikapu, na chungu cha chinsaga, ile mboga chungu inayochemshwa kwa maziwa hadi uchungu upungue. Mboga hiyo haipikwi kwa haraka. Alikuwa ameianza jana yake.

"Mong'ina, asante," nikasema, maana ndivyo tunavyomheshimu mama wa umri wake. "Lakini leo tumefunga."

Akatutazama mmoja mmoja. "Mmefunga? Na jua hili, na udongo huu?"

"Ndiyo."

"Mnafungua saa ngapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Jua likizama," nikasema.

"Basi hakuna neno. Nitakifunika. Mtafungulia hapa."

Wenzangu walinitazama kama mbuzi wanaomtazama mchinjaji. Hawakukaa sana. Mmoja alikumbuka ng'ombe. Mwingine alikumbuka mtoto ana homa. Yule mwenye mdomo alisema mume wake asipomwona jioni huwa anapotea njia ya kwenda kwake mwenyewe. Akipita karibu yangu akaninong'oneza, "Wewe ndiwe uliyetufungisha. Baki ufungue."

Nikabaki. Msinisifu, nilibaki kwa aibu. Nilikaa juu ya jiwe nikautazama ule ukuta mbichi, nikaona tulichofanya. Tulikuwa tumeuhudumia ukuta. Mwenye ukuta tulimruka kama mtu anavyoruka tope. Anayekupa kazi ya mikono yake na kukataa kukaa nawe hajakusaidia, amekuonyesha mahali pako.

Jua likashuka nyuma ya kilima. Mama akaleta chakula na maji ya kunawa. Nikafungua leso kiunoni ili niiname vizuri, naye akaliona tumbo. Akakivuta kikapu upande wake.

"Una mimba."

"Ndiyo, mong'ina."

"Una watoto wangapi nyumbani?"

"Sina. Mbili zilitoka."

Akakifunika chakula chake. "Nenda nyumbani, mwanangu. Hiki huli."

"Kwa nini?"

"Unauliza kama mtoto? Ikitoka na hii, watasema ni mimi. Hiyo nyumba mliyokandika leo wataichoma, na mimi nikiwa ndani."

Mpaka saa ile nilidhani ni mimi niliye hatarini. Kumbe roho iliyokuwa hatarini ilikuwa yake, naye alikuwa amepika tangu jana akijua kwamba yeyote kati yetu akiugua, lawama ni yake. Nikamwambia kweli yote: hatukuwa tumefunga, tulimwogopa, na uongo ule ulitoka kinywani mwangu.

"Najua," akasema. "Waliofunga hawapandi kilima wakitafuna miwa. Niliwaona kule mtoni."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Naye akacheka. Kisha nikamwambia, "Mong'ina, nikienda bila kula, wale sita watapata nguvu ya kukusema, na hakuna mtu atakayekuja kwako tena. Ikitoka, nitasimama mbele ya watu niseme zile mbili zilitoka bila chakula chako. Leta kikapu."

Akashika kifuniko. Halafu akakifunua kikapu. Nikala. Yeye alikuwa anautazama mkono wangu tu, ikabidi nimwambie ale nami.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza neno moja. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umeniulia mjukuu."

Hakusema nami tena, ila kunituma maji. Nami ni mtu mgumu. Kila wiki nilipanda kilima kile, nikaketi mlangoni pa yule mama, mahali wapita njia wananiona, nikala. Yule mwenye mdomo aliniita kutoka barabarani, "We mama, bado unapumua?"

"Nimenenepa," nikamjibu. "Panda uone."

Lakini usidhani sikuogopa. Kila tumbo liliponikata niliuona moto kwenye nyasi za paa lile. Niliomba kwa ajili ya watu wawili, mmoja ndani yangu na mmoja kilimani, na sikuwa namwomba Mungu kwa sauti ya upole. Nilimwambia: Wewe ndiwe uliyesema tutumikiane, basi simama hapa.

Akasimama. Msichana alizaliwa majira ya mvua, na kilio chake kilifika kwa majirani. Mama mkwe alimchunguza vidole vya mikono na vya miguu, akamrudia tena, akatoka nje.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, asubuhi moja mama mkwe alimfunga mgongoni mwake. "Twende," akaniambia. Sikuuliza wapi. Yule mwenye mdomo alituona njiani, akatufuata kwa mbali, na wengine wawili wakamfuata yeye.

Mama mzee alitupokea kama watu waliotarajiwa. Akaleta wimbi na mboga, akaviweka katikati. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walimtazama mama mkwe wangu. Akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna polepole, mtoto akiwa amelala mgongoni, akameza.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Yule mama akainuka kuileta, akinung'unika kwa sauti ya kusikika kwamba watu wa boma letu tangu zamani hawajui kula.