Barua ya Majirani wa Kangemi

Siku yangu ya kwanza kwenye tume ya serikali ya kuinua hali ya wanawake, nilipanda ngazi hadi orofa ya saba kwa viatu vya visigino virefu, kwa sababu lifti ilikuwa imekufa nami nilikuwa na shahada ya kuonyesha. Nilifika nikihema. Katibu wa Tume, mzee mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi, alinipa kiti, glasi ya maji na kanuni moja.

"Madam, hapa faili halifunguliwi bila barua ya chifu."

Barua hiyo ndiyo iliyothibitisha mlalamishi ni nani, anaishi wapi na ni wa familia ipi. Mimi, afisa wa malalamiko, niliipokea, nikaitoboa, nikafungua faili. Bila barua, jina lako liliishia kwenye kitabu cha wageni. Niliilinda kanuni hiyo kama bawabu wa Kitisuru, mtaa wa matajiri, anavyolinda lango lisilo lake. Chuo kikuu kilinisaidia tu kuutetea ujinga huo kwa sentensi ndefu.

Kisha akaja Mama Shiru, muuza mboga wa soko la Kangemi. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake wamekwenda mahakamani kurithi nyumba. Barua ya chifu ya kutaja warithi iliwataja wao peke yao. Yeye na binti zake wawili hawakuwemo. Alikuwa na siku thelathini za kuweka pingamizi, yaani kuiambia mahakama kwamba na yeye yupo. Alitaka tume imsimamie.

"Leta barua ya chifu," nikamwambia.

"Madam, chifu ndiye ameandika mimi sipo. Sasa nirudi nimwambie aandike barua ya kujishtaki?"

"Ni utaratibu, mama."

Akaenda. Akarudi mikono mitupu: chifu alimtaka aje na wazee wa familia, na wazee wenyewe ni shemeji zake. Nikamtuma tena. Ndiyo, tena, na nilimwandikia anwani ya ofisi ya chifu, kana kwamba hajui anakoishi.

Mara ya tatu zilikuwa zimebaki siku nne. Hakuketi.

"Binti yangu Shiru ameniuliza, hiyo ofisi ya akina mama ni ya akina mama wa wapi? Nimekosa jibu. Wewe uko nalo?"

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kangemi, nikaketi juu ya kreti ya soda kati ya sukuma wiki na nyanya, nikaandika. Wanawake wa soko walinizunguka.

"Andika mimi ndiye nilimshika mkono akizaa Shiru."

"Andika tulibeba na yeye mawe ya msingi wa hiyo nyumba. Hao mashemeji hata jiwe moja hawakubeba!"

"Na wewe madam, uko serikali gani? Hii yetu?"

Walicheka hadi kreti ikatikisika. Kumi na mmoja walitia sahihi, wawili kwa dole gumba.

Kesho yake Katibu aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Hii ni nini?"

"Ni barua, mzee."

"Ya chifu?"

"Ya watu wanaomjua kuliko chifu."

"Nitakuandikia onyo."

"Andika, mzee. Lakini kwanza gonga muhuri."

Hakugonga. Nikaenda chumba cha pili kwa Mwenyekiti, mama wakili asiyependa maneno mengi. Alisoma maelezo yote kumi na moja.

"Siku ngapi zimebaki?"

"Mbili."

Akainuka, akaufuata muhuri mwenyewe kwenye droo ya Katibu.

Pingamizi lilipokelewa. Chifu aliitwa mahakamani kueleza barua yake, na maelezo yakamshinda. Nyumba ikabaki kwa Mama Shiru na binti zake. Nami nilipata onyo langu; liko sebuleni, ndani ya fremu, mahali ambapo wenzangu wametundika shahada. Miezi michache baadaye fomu ya tume ilibadilishwa, ikasomeka: barua ya chifu, au ya majirani.

Siku hizi nasikia watu wakisema tume ile ilikuwa ya semina na chai. Chai tulikunywa, na mandazi nilikula kupita cheo changu. Lakini kabla ya tume hiyo, Mama Shiru angepanda ngazi za nani? Anayetaka kuicheka aanze kwa kujibu hilo, nami nitamsubiri.

Nilistaafu mapema, magoti yakiwa bado yanaidai lifti. Karani kijana wa ofisi ya wafanyakazi alipitia fomu zangu za pensheni, akaniambia nimesahau barua ya chifu ya kuthibitisha makazi.

Sikubishana. Nilikwenda sokoni Kangemi. Mama Shiru alifuta mikono, akachukua kalamu, akaniandikia ukurasa mzima, akiitaja ile kreti ya soda na zile mara mbili nilizomfukuza. Wenzake wakatia sahihi chini.

"Hii si ya chifu," karani akasema.

"Najua," nikamwambia, nikavuta kiti. "Soma. Kisha ulete muhuri."