Kitenge Chekundu Kwenye Makutano ya Reli

Nawasimulia nyinyi kwa sababu najua mmeshaiona ile video, na heri mnicheke nikiwa hapa kuliko mnicheke nikishaondoka. Ndiyo, yule mwanamke anayeongoza vigelegele kando ya reli ni mimi. Na hapana, sikuwa nimekunywa, ingawa kama ningekuwa nimelewa leo ningekuwa na la kujitetea.

Mnajua baba yangu alikuwa machinisti, ameendesha treni maisha yake yote. Alipostaafu, yeye na wazee wenzake walilifufua garimoshi moja la mvuke lililokuwa linaota kutu kwenye gereji ya zamani, upande wa njia ya Kipushi, wakawa wanalitembeza kila Jumapili kwenye kipande kifupi cha reli, familia zinapanda, watu wanapiga picha, na baba anapiga honi kila baada ya hatua mbili kama anatangaza harusi. Kile kipande kinaishia pale kinapoungana na reli kubwa, na hapo pamefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao wakala wa reli kubwa, na bila yeye kupiga simu akaruhusiwa, hapiti mtu. Baba alikuwa na ombi moja tu: aliendeshe garimoshi lake mpaka gare, ile stesheni kubwa ya mjini, mara moja, kisha amwachie mwingine usukani (treni haina usukani, najua, msinisahihishe), maana macho yake yalikuwa yanafifia na daktari alishamwambia aache. Tulingoja sana. Mwishowe ruhusa ikatoka: Jumapili asubuhi, muda mfupi tu, katikati ya treni mbili za mizigo.

Sasa kwetu sherehe bila kitenge cha sare si sherehe. Wamama wa familia wakanituma sokoni, wakasema bleu, rangi ya buluu. Nilipofika, bleu haikututosha sote. Ningeweza kupiga simu, ningeweza kuchukua kijani, lakini muuzaji akanikunjulia nyekundu yenye maua ya manjano, akaniambia, "Mama, kamata hii rouge, iko nawaka! Mutapendeza sana." Na mimi, binti wa machinisti, niliyefundishwa rangi kwa bendera za reli kabla sijajua kusoma, nikaona kweli inawaka, nikanunua.

Siku yenyewe tukajipanga pale kwenye makutano, wamama wote tumewaka. Baba alikuwa amelisimamisha garimoshi nyuma ya kibao cha kusimama, kwenye kipande chetu, amevaa kofia yake ya kazi, ile mama aliyoipiga pasi (kofia, jamani!). Kilichobaki ni treni ya mizigo ipite, kisha kufuli ifunguliwe, basi. Tukasikia honi yake kwa mbali. Hapo furaha ikanipanda kichwani, nikawaambia wenzangu, hata hii tuisalimie, nayo si treni? Nikafungua kitenge changu cha juu (chini nilikuwa na kingine, tulieni), nikaanza kukipepea, na wamama wote wakafuata, vigelegele juu, kando yote ya reli ni nyekundu tupu. Wakala akaja mbio huku anapunga mikono na kupiga kelele, nami nikadhani anacheza, nikampungia.

Treni ikalia. Ile sauti ya chuma kwa chuma, meno yanauma mpaka leo nikiikumbuka. Ikajikokota, ikasimama, na mabehewa yake yakakaa sawasawa juu ya makutano. Machinisti wake akaruka chini, jasho linamtiririka.

"Danger iko wapi? Nani alianguka mu reli?"

Vigelegele vikakatika. Wenzangu wote wakanigeukia mimi.

"Hakuna danger, chef," nikasema, kitenge bado kiko hewani. "Tuko tunafurahi tu."

"Munafurahi na rouge?"

Jamani, natamani ardhi ingepasuka siku ile. Maana treni ikisimamishwa hivyo haiondoki mpaka ikaguliwe gurudumu kwa gurudumu, na ile ilikuwa ndefu kama foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Tulisimama tukiwaangalia wanavyogonga na kuchungulia, na muda wetu ukawa unayeyuka, mpaka treni ya pili nayo ikawa inadai njia. Wakala akapokea simu, akaurudisha ufunguo mfukoni, akamwendea baba kwa adabu. "Papa, leo haiwezekane tena. Urudie nyuma."

Kuomba upya ni miezi, na macho ya baba hayangoji. Kila mtu pale alilijua hilo.

Nikasogea kwenye garimoshi. "Papa, unisamehe."

Alikiangalia kile kitenge mkononi mwangu, kisha akaiangalia ile treni. "Yule machinisti aliona rouge, akasimama," akasema. "Alifanya muzuri. Hata miye ningesimama." Akaachia breki, akalirudisha garimoshi kinyumenyume mpaka gereji, na njia nzima hakupiga honi hata mara moja. Angenitukana ningepona haraka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kitenge kile kiko chini ya sanduku, na mkinialika sherehe yenye sare nyekundu nitakuja na nguo ya nyumbani, mniweke nyuma kwenye masufuria, sipepei kitu. Garimoshi sasa analiendesha mwingine. Baba bado anakwenda kila Jumapili, anakaa kwenye behewa la abiria, dirishani, kofia magotini. Ni mimi ninayempeleka, na huwa navaa bleu.