Niliacha tambuu kweli, meno yakarudi kuwa meusi, mama hakuniamini

Wakuu, salaam. Haya hata mke wangu hayajui yote, na sina sababu ya kuyapamba.

Naishi Bububu. Tambuu nimekula tangu ujana, popoo na chokaa shavuni kutwa nzima. Mjomba wangu naye alikuwa mlaji, akafa kwa saratani ya kinywa. Siku ya hitma yake mama akaniapisha niache.

Nikaacha. Sikupunguza wakuu, niliacha.

Nikaenda kusafishwa meno mjini, yakatoka meupe. Mama alifurahi hadi akamwita jirani aje aone! Fizi zilikuwa zinatoa damu, kwa hiyo daktari akanipa mouthwash, dawa ya kusukutua. Akasema wiki mbili tu.

Hiyo "wiki mbili tu" ndiyo niliyoipuuza. Nilinunua chupa nyingine, na nyingine.

Baada ya muda madoa meusi yakarudi. Na mimi kwa akili zangu nikazidisha kusukutua, mara nne kwa siku, na chai kavu nzito juu yake.

Wakati huo mama alikuwa kitandani kwa dada yangu, mtaa wa Mpendae, figo zimechoka. Nikimwamkia anaitikia, halafu:

"Fungua kinywa."

Nafungua, mtu mzima na ndevu zangu.

"Bado unakula."

"Wallahi mama, sijagusa."

"Usiape, mwanangu. Nshaona."

Nikaanza kuzungumza naye nimeziba mdomo kwa mkono. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

Alifariki akijua mwanawe ni muongo. Inaniuma, sijui niseme vipi.

Baada ya arubaini nilirudi kwa daktari. Swali lake la kwanza: ile dawa bado unatumia? Kumbe ikitumika muda mrefu yenyewe ndiyo inayotia madoa, na chai inayakoleza. Akayakwangua, nusu saa tu, yakaisha.

Nusu saa wakuu. Mama angeweza kuona.

Kwa hiyo ukiambiwa wiki mbili, ziwe wiki mbili. Punguza chai nzito na kahawa, sukutua kwa maji ukishakunywa. Doa likirudi, rudi kwa daktari, usijitibu. Na mtu wako akisema ameacha, msikilize kabla hujamchungulia kinywa.

Yaliyowakuta semeni hapo chini. Ila asiniambie mtu kwamba mama huko aliko sasa anajua. Ijumaa nilikwenda kaburini kumsomea, nikajikuta nimefungua kinywa.