Watoto Sita na Mmoja

Mtaani kwetu Buswelu, wasifu wa marehemu huandika mimi. Sijui ilianzaje. Nina mwandiko unaosomeka na ni katibu wa jumuiya, basi, mtu akifariki hawajamaliza hata kufunga turubai nimeshaitwa na daftari langu. Alizaliwa wapi, wazazi wake nani, aliolewa lini, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Nimewaandikia wazuri na nimewaandikia walevi, na kwenye karatasi yangu wote walikuwa watu wema. Kwa hiyo mama alipofariki hakuna aliyeuliza nani ataandika.

Mama hakunizaa. Hilo nalijua tangu nikiwa na akili, maana mwenyewe alikuwa akilitangaza kama sifa. "Huyu ndiye hakunisumbua," aliwaambia wageni. "Nilimpokea Kigongo kwenye kivuko, meno yote yapo, haja anasema mwenyewe." Aliyenizaa alikuwa rafiki yake wa ng'ambo, upande wa Busisi, akafa nikiwa na miaka mitatu. Siku hizi pale watu wanapita darajani, dakika chache tu, nami kila nikipita lazima nitazame chini kwenye kivuko kama mtu aliyesahau mzigo.

Siku ya pili ya msiba nilikaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, nikaanza na sehemu nyepesi. Mchana kaka yetu mkubwa akanikuta huko. Yeye ni kifungua mimba wa mama, mtu wa utaratibu. Amepewa jina la babu yetu wa Magu, baba yake mama, na analibeba kwelikweli. Ukikaa naye dakika tano atakusimulia damu ya babu ilivyo. Alisimama, akakohoa.

"Kwenye watoto, weka sawa," alisema. "Wa kuzaa sita, wa kulea mmoja. Watu wanajua, tusionekane tunadanganya mbele ya padri."

Nikamwambia sawa. Sikuwa sawa hata kidogo, nilikuwa na hasira. Miezi minne nimemwogesha mama, nimemgeuza kitandani, nimejua ubavu upi haumuumi, halafu huyu wa kupiga simu Jumapili baada ya misa anakuja kunihesabu pembeni kama kiti cha kuazima. Na wasifu haurudiwi. Nitakavyotajwa pale kaburini mbele ya watu, ndivyo nitakavyobaki.

Kilichokuwa kimebaki ni mwanzo, habari za kuzaliwa kwake. Nikamfuata mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki hai, aliyekuja kutoka Magu. Alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, shika ungo."

Nikamuuliza mama alizaliwa kijiji gani cha Magu.

"Dada hakuzaliwa Magu," alisema, huku anaendelea kutoa mawe. "Mimi nilizaliwa nikamkuta, lakini na yeye aliletwa anatembea. Ni wa huko Mara, kwa wavuvi. Mama yake alikufa kwa uzazi. Baba yake alikuwa anatuletea samaki, anachukua mchele, basi akamwacha kwa mama yetu. Akasema atamfuata mavuno yakiisha."

"Akamfuata?"

"Alikuja. Akakuta mtoto amenenepa na anaongea Kisukuma. Akalala siku mbili, akaondoka peke yake."

Nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa. Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga anayempenda.

"Hakuwahi kuficha. Ni nyie hamkuuliza. Wewe unadhani kwa nini alikwenda Kigongo? Baba yenu alimkatalia mara mbili. Watoto watatu, chumba kimoja, wa nne wa nini? Dada akamwambia, mimi nilipokewa, na mimi nitapokea. Asubuhi akaenda."

Nililia, nasema kweli, nililia mpaka mama mdogo akaninyang'anya ungo ili mchele usilowe.

Nilipotulia, nakiri, furaha iliyonijia kwanza ilikuwa mbaya. Damu ya babu! Nilitaka nimwone kaka usoni. Nikaandika sentensi ile, nikaenda nayo moja kwa moja mpaka alipokuwa amekaa kwenye ngazi za mbele, nikamsomea kwa sauti ya kaburini: "Alizaliwa Mara, akalelewa Magu na wazazi waliompokea akiwa mdogo."

Nilitegemea abishe, nilikuwa nimejiandaa.

"Alilelewa," alisema.

"Alilelewa. Kamuulize mama mdogo."

"Sasa babu..." Hakumaliza. Ana miaka sitini na kitu, mvi tupu, lakini alinitazama kama anasubiri nimwambie asogee ampishe mwenye nafasi yake. Uso ule naujua. Nilikuwa nao mimi mchana ule ule, nyuma ya nyumba. Hasira yote ikaniishia pale, sikujua imeenda wapi. Nikakaa naye kwenye ngazi.

"Babu ni babu," nilimwambia. "Jina alikupa nani? Na fimbo ulizochapwa kwa kupoteza mbuzi, ulichapwa na nani?"

Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa kiganja. Tukakaa hivyo, watu wanaingia wanatupa pole, tunapokea pamoja.

"Tuisome hivyo hivyo?" aliuliza.

"Mama mdogo anasema hakuwahi kuficha."

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ile ya sita na mmoja, usiiandike. Weka saba."

Nikampa daftari, nikamwambia ageuze ukurasa. Saba ilikuwepo tangu asubuhi, kwa kalamu ya wino, kabla hajanijia nyuma ya nyumba, na majina yetu chini yake kwa umri, mimi wa nne.