Hakuna wa Kumpita Bosi

Jumamosi tulipanda mlima upande wa Ihumwa, sisi wanafunzi wachache pamoja na watumishi wa ofisi moja ya jijini. Bosi wao, mzee mnene mwenye kofia mpya, alitangulia, na kwa heshima hakuna mtumishi aliyethubutu kumpita.

Tulipofika katikati, shati la mzee lilikuwa limelowa mgongo mzima. Alishikilia kila jiwe alilolipita, na mkono mwingine ulikuwa kifuani.

"Mwambie apumzike," nikamnong'oneza katibu muhtasi wake.

"Wee dada! Nimwambie bosi amechoka? Unataka nihamishwe?"

Nikachemka. Heshima gani hii ya kumsindikiza mtu mpaka azimie? Nikawapita wote, nikasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo baba. Mimi miguu imegoma. Naomba tupumzike."

Alikaa kabla sijamaliza. "Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki."

Akanywa maji, pumzi ikamrudia taratibu, ndipo akawageukia watumishi wake. "Nyie watu mnatembea kama mnakimbizwa! Nawasikia mgongoni tu, nikasema nikisimama mtanicheka."

Watumishi wakatazamana, kisha wakajitupa chini kama magunia.

Jamani, kumbe mlima mzima bosi alikuwa anawakimbia walio chini yake, nao wanamfuata wakidhani ndiyo amri. Sijui ni ofisi ngapi zinakwenda hivyo. Kileleni hatukufika, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Mzee alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akipiga soga njia nzima, na hilo lilinitosha.