Ngendo Amsomea Kingori Uso wa Mkewe

Ngendo wa Mukurweini alianza kwa kuandika majina ya maduka na kuchora ng'ombe kwenye kuta za vituo vya maziwa. Baadaye akaamua kufundisha watu kuchora kupitia simu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia hiyo simu, na nitasema ukweli: video za mwanzo zilikuwa mbovu. "Vuta mstari hapa, rudi hapa," mkono ukienda mbio, basi. Asiyeelewa, shauri yake.

Siku moja ikaja sauti kwenye simu, ya mwanamume wa Endarasha aitwaye Kingori. "Mwalimu, mimi nasikiaga video zako zote. Lakini mimi ni kipofu. Hiyo 'hapa' ni wapi?"

Mimi nilicheka. Ngendo hakucheka. Aliisikiliza ile sauti kutwa nzima, na tangu hapo akajifunza kutaja kila kitu mahali kilipo: chini kidogo ya pembe ya mdomo, upana wa kidole gumba kutoka sikioni. Ilimchosha. Mtu aliyezoea kuonyesha, kueleza kwake ni kazi ya punda. Akatafuta na njia ya kuchora kwa vidole. Unakunja blanketi, unaweka karatasi ngumu juu yake, unachora ukikandamiza kwa kalamu iliyoisha wino, kisha unaigeuza karatasi. Mstari unakuwa umeinuka upande wa pili, na kidole kinausoma.

Ndipo akawa anapanda hadi Endarasha kufundisha katika ukumbi wa kanisa, wenye macho na vipofu kwenye meza moja. Kingori aliletwa na mkewe, Waithira, ambaye alikaa pembeni akitoa minji kwenye maganda yake huku mumewe akimchora. Alipopewa karatasi aiguse, alisema, "Ati hii ni mimi? Baba Munene, umeniharibu kabisa." Walipendana wale watu. Nasema hivyo kwa sababu ndoa nimeziona nyingi, na si zote zina hilo.

Mwaka huu, mvua za Aprili zikianza, Waithira aliugua kifua na hakupona.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani chini ya hema, kifuniko cha juu kikafunguliwa, watu wakapanga foleni kumwona kupitia kioo. Huku kwetu hakuna apitaye akakosa neno zuri. "Amependeza." "Ni kama amelala." Nami nilipita, nikasema hivyo hivyo. Kingori alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, na Theuri, kaka wa marehemu aliyekuwa akiongoza shughuli, akamwambia kwa upole, "Shemeji, wewe pumzika tu. Hakuna haja ya kusimama."

Kingori akasimama. "Hata mimi nataka kuona bibi yangu," akasema. "Mwalimu ako wapi?"

Ngendo akamshika mkono, wakafika kwenye jeneza. Kingori akaweka kiganja juu ya kioo. "Niambie vile ako. Lakini usiniambie ati amelala. Hiyo nimeambiwa asubuhi yote."

Ngendo akasogelea kioo. Akaanza polepole, kwa sauti ileile ya video. Kitambaa cheupe kimefika katikati ya paji. Mashavu yamebonyea, zaidi lile la kulia. Wamempaka poda, imeishia chini ya kidevu. Mdomo umefungwa. Foleni ikasimama, hata waliokwisha kupita wakarudi kusikiliza. Kisha akanyamaza.

"Na macho?" Kingori akauliza.

Ngendo alinitazama mimi, akamtazama Theuri. Nikainama kwenye kioo nikatazama sawasawa kwa mara ya kwanza, nikaona kilichomfanya Ngendo aishie pale. Angeweza kusema macho yamefungwa, na hakuna ambaye angembishia. Moyo wangu ulikuwa ukimwomba aseme hivyo.

"La kulia limefungwa," akasema. "La kushoto limebaki wazi kidogo, Baba Munene. Kama upana wa ukucha."

"Mambo kama hiyo mtu haambiwi," Theuri akasema kwa ukali.

"Wachana na yeye, shemeji." Kingori alikuwa akitabasamu na machozi yakimtoka. "Huyo sasa ndiye Waithira. Alikuwa analalanga hivyo. Ni mimi nilikuwa namfunga hiyo jicho na kidole, na hakuwahi jua. Fungueni hii glasi."

Wazee wakatazamana. Kugusa maiti kwetu si jambo la mchezo, na wapo waliotoka nje ya hema. Mwishowe dereva wa gari la mochari akaleta bisibisi, kioo kikatolewa. Ngendo hakuhitaji kumwelekeza. Kidole cha Kingori kilishuka kutoka kwenye paji, kikapita nyusi, kikauvuta ukope chini. Jicho halikufunga. Akajaribu tena taratibu, asije akamwamsha. Halikufunga.

"Imekataa," akasema, akabaki ameinama. "Basi wacheni aende akiona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwangu."

Theuri ndiye aliyerudisha kioo. Mchungaji akaitisha wimbo, na hakuna aliyeweza kuuanzisha.