Ng'ombe Thelathini Wamevuka Tana

Jamani, leo mama muuza maziwa ametuokoa, na mwalimu wetu bado amenuna!

Mnajua niko Garsen, kwenye kambi ya wiki moja ya kufundishwa kutengeneza gemu za kompyuta. Gemu yetu, mimi na mwenzangu Komora, ni ya kuvusha ng'ombe mto Tana bila kuliwa na mamba.

Jana mwalimu, mtu wa Nairobi, aliikataa. Ng'ombe thelathini, kila mmoja unamwongoza peke yake, kompyuta inakwama.

"Bakisheni watano," akasema, "ama mrudi nyumbani."

Watano! Hilo nalo ni kundi?

Leo asubuhi Mama Halima, mfugaji wa Kiorma anayetuletea maziwa ya chai, akasimama nyuma yangu kutazama. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nani anachunga hivyo? Ingiza mmoja majini. Wengine watamfuata."

Tukatazamana. Sisi Wapokomo tulilelewa shambani, tunajua ndizi na mpunga. Ng'ombe tulikuwa tunabahatisha tu!

Tukaandika upya: unaongoza mmoja, wengine wanafuata. Kufikia saa nane mchana, kompyuta haikwami hata kidogo.

Mwalimu akacheza. Akazamisha kundi zima. Mara tatu!

Mama Halima, aliyekuwa amerudi kuchukua vyombo vyake vya maziwa, akaomba kiti. Akavusha wote thelathini, mara ya kwanza.

TUMEPITA!

Niambieni, nyinyi mngejizuia kucheka? Maana alipokuwa akiondoka nilimsimulia habari ya wale watano. Akamtazama mwalimu, akaniambia bila kushusha sauti:

"Mwanangu, hata hao watano msimwachie."